Uso Usiobadilika: Mateso na Msamaha katika Filamu ya V for Vendetta

Uhakiki wa filamu zinazotokana na maandishi umezoea kuanza na swali la uaminifu: je, filamu imeifuata matini chanzi? Kwa V for Vendetta swali hilo halina faida kubwa, kwa sababu mtunzi alikwisha kulijibu. Alan Moore alitaka jina lake lisitajwe, na filamu inamtaja David Lloyd pekee, mchoraji wa hadithi hiyo ya katuni. Makala haya yanauliza swali jingine: mtazamaji anaombwa amsamehe nani, na anapewa nini ili amsamehe?

Hadithi ilianza kuchapishwa mwaka 1982, kwa rangi nyeusi na nyeupe, katika jarida la Uingereza lililoitwa Warrior. Jarida lilipokufa mwaka 1985 hadithi ilikuwa haijakwisha, na ilikamilishwa kati ya 1988 na 1989 na kampuni ya DC Comics ya Marekani, safari hii kwa rangi. Ni Uingereza ya enzi ya Margaret Thatcher ikiiwazia kesho yake: vita vya nyuklia vimepita, chama cha kifashisti kiitwacho Norsefire kimeshika dola, na watu weusi, Waasia, mashoga na wapinzani wamemalizwa makambini. Filamu ya James McTeigue, ambayo mswada wake uliandikwa na Wachowski na ambayo iliingia katika majumba ya sinema Machi 2006, imeondoa nyuklia na kuweka maradhi yaliyosambazwa na watawala wenyewe. Hadhira iliyokwisha kusikia kwa miaka kadhaa habari za vita dhidi ya ugaidi haikuhitaji kufafanuliwa sababu ya mabadiliko hayo. Katika matini zote mbili anatokea mtu mmoja, V, mhanga wa majaribio ya kitabibu katika kambi ya Larkhill, amevaa sura ya Guy Fawkes, yule aliyekamatwa Novemba 1605 akilinda mapipa ya baruti chini ya Bunge. Anawaua waliomtesa mmoja baada ya mwingine, na njiani anamwokoa msichana aitwaye Evey.

Sura hiyo tuiteje? Kiswahili kina maneno mawili, na kuchagua moja ni kufasiri tayari. Barakoa hufunika. Kabla ya kuwa neno la kila siku wakati wa korona lilikuwa neno la vazi la wanawake, na kazi yake ilikuwa kusitiri uso ambao sote tunajua kuwa upo. Kinyago huchongwa, kina uso wake chenyewe, na anayekivaa huukopa uso huo. V anavaa kinyago. Chini yake pana ngozi iliyoungua ambayo hatuonyeshwi, na hakuna uso wa pili unaotungoja.

Katika katuni jambo hili halimtengi V na wengine, kwa kuwa huko kila uso umesimama. Kisanduku kimoja kina uso wa Evey, kinachofuata kina kinyago, na vyote viwili havitikisiki. Ni jicho la msomaji linalovitia uhai. Lloyd aliondoa hata viputo vya mawazo na maneno ya kuigiza sauti, hivyo majengo yanalipuka kimya. Katika filamu, kinyume chake, nyuso zote hutikisika ila mmoja. Hugo Weaving hana macho wala midomo ya kuigizia. Amebakiwa na sauti, shingo na mikono. Anavitumia kwa ustadi wa ajabu. Kichwa kikiinama kidogo na mwanga ukahama shavuni, mtazamaji yuko tayari kuapa kwamba ameona huzuni. Hakuona. Ameitia mwenyewe, kisha ameihesabu kuwa ni ya V. Hapa ndipo filamu inapopata nguvu zake, na ndipo inapopata pia njia ya kukwepa deni lake la kimaadili.

Deni hilo linakopwa gerezani. Evey anakamatwa, ananyolewa, anahojiwa, anateswa kwa maji. Katika tundu la ukuta wa seli anapata barua iliyoandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya chooni na Valerie, mwigizaji aliyeishia Larkhill kwa sababu alimpenda mwanamke mwenzake. Barua hiyo imebakizwa karibu yote kama ilivyo katika katuni, na uamuzi huo ni wa busara kuliko mwingine wowote katika filamu nzima. Inasomwa bila papara. Kwa dakika chache hakuna kisu, hakuna baruti, hakuna hotuba. Ipo sauti ya mtu aliyekwisha kufa anayemkabidhi mtu asiyemjua kitu pekee alichobaki nacho. Baada ya hapo Evey anakataa kumsaliti V hata kwa gharama ya maisha yake. Anaambiwa yuko huru. Anafuata ujia, anafungua mlango, na anajikuta katika nyumba ya V. Gereza lilikuwa la kuigizwa, na mtesaji alikuwa V mwenyewe.

Tukio ni lilelile katika matini zote mbili, lakini uzito haulingani. Evey wa katuni ana miaka 16, na tunamkuta usiku wa kwanza alipotoka kujiuza kwa sababu ya umaskini. Kumtesa mtoto huyo ni jambo ambalo Moore hakulipunguzia ukali, na msomaji anaweza kukifunga kitabu hapo akakasirika, kisha akakirudia akiwa bado amekasirika. Evey wa filamu ni mwanamke mzima anayefanya kazi katika kituo cha televisheni. Kwa upande huo filamu imelainisha. Kwa upande mwingine imezidisha, kwa sababu nywele zinazoanguka mbele ya kamera ni nywele halisi za Natalie Portman. Mchoro wa kichwa kilichonyolewa ni habari ya unyanyasaji; kichwa cha mtu kinachonyolewa tukikitazama ni unyanyasaji wenyewe, hata kama mwigizaji ameridhia. Mtazamaji anaumia kwa mwili wa kweli.

Baada ya kuumia huko anapewa nini? Anapewa mvua. Evey anapelekwa juu ya paa, anainua mikono, na picha yake inasukwa pamoja na picha ya V akitoka katika moto wa Larkhill. Ni picha nzuri, tena nzuri mno, maana muziki na maji vinamaliza kesi kabla mlalamikaji hajasema. Ni haki kutambua kwamba filamu inampa Evey jambo ambalo katuni haikumpa: anaondoka. Anamwacha mtesaji wake na kwenda zake, na kwa muda huo mfupi filamu inakaribia kuwa na ujasiri kuliko chanzo chake. Kisha anarudi kabla ya tarehe 5 Novemba, wanacheza dansi, na V akiwa anakata roho anakiri kwamba alimpenda. Neno la mapenzi linalipa deni lote. Kinyago hakiwezi kuonyesha toba, na mswada haukimdai. Badala ya toba inatolewa sauti nyororo, nasi tunaijazia majuto yetu wenyewe. Nimehisi msamaha huo ukinitoka kila nilipoitazama filamu hii, na kila mara nimetaka kujua nani ameutoa kwa niaba yangu.

Ulainishaji huu haukuishia kwa V, ila kwa maadui umekwenda mkondo wa kinyume. Kiongozi wa katuni, Adam Susan, anapewa nafasi ya kuwaza mbele yetu: mtu mpweke anayeamini ufashisti kwa dhati na kuipenda kompyuta ya dola kama mke. Anatisha kwa sababu anaeleweka. Katika filamu anaitwa Sutler na kazi yake kubwa ni kufoka kwenye skrini pana. Aliyepewa nafasi hiyo ni John Hurt, aliyeigiza Winston Smith katika filamu ya Nineteen Eighty-Four, na kejeli hiyo inavutia kuliko mhusika mwenyewe. Aliyepotea kabisa ni Rose Almond, mjane wa mtumishi wa chama. Mumewe alikuwa akimpiga. Alipokufa, Rose aliangukia kazi ya kudhalilisha jukwaani. Mwishowe anampiga Kiongozi risasi. Bila Rose, udhalimu unakosa raia wa kawaida ambaye umemsaga polepole hadi akashika bastola.

Nafasi yake imechukuliwa na umati. Maelfu ya vinyago yanatumwa kwa posta, na usiku wa mwisho London inatembea kuelekea Bunge ikiwa na uso mmoja. Askari hawafyatui risasi, Bunge linalipuka, watu wanafunua nyuso zao, na miongoni mwao tunawaona waliokufa. Moore alilalamika hadharani kwamba mgongano wake wa anakia na ufashisti umegeuzwa kuwa ndoto ya waliberali wa Marekani, na umati huu unampa hoja, kwani haujauliza swali hata moja wala kubishana na yeyote. Nje ya sinema kinyago hicho kilivaliwa kweli na waandamanaji, tangu wale wa Anonymous mwaka 2008 hadi waliopiga kambi karibu na Wall Street mwaka 2011, na kwa kila kinyago rasmi kilichouzwa kampuni ya Time Warner ilipata sehemu yake.

Katuni inamaliza kwa namna isiyoruhusu makofi. Evey hafunui uso wa maiti ya V. Anakivaa kinyago yeye, akiwa amekwisha kukataa kuua. Kisha anamwokoa Dominic, msaidizi wa mpelelezi Finch, na kumpeleka katika nyumba ileile ya chini kwa chini kama alivyopelekwa yeye. Dominic amelala, hajui yuko wapi. Anayemwinamia ana uso usiobadilika, na hatuambiwi kama seli iko tayari. Huko nje Finch, aliyempiga V risasi ya kumuua, anatembea peke yake kwenye barabara kuu iliyo tupu, akiuacha mji nyuma.