Mkono wa Mwalimu Sikujua katika Diwani ya Muyaka

Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mnamo 1840 hivi, na mashairi yake yakabaki vinywani mwa watu. Kwamba leo twayasoma ni matunda ya kazi ya watu wawili walioshirikiana katika miaka ya 1880: Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, na William Taylor, mmishonari Mwingereza aliyefika mjini 1880.

Sikujua aliyakusanya mashairi na kuyaandika kwa hati za Kiarabu. Kazi hii si nyepesi. Kwa maandishi ya zamani, herufi moja, *ba*, husimama mahali pa b, p na mb, na irabu i na e hutumia alama moja. Neno lililoandikwa “bata” laweza kusomwa “pata”. Kimvita, lahaja ya Mombasa, nacho kina sauti ambazo hati hiyo haizipambanui: kaa wa baharini hutamkwa kwa pumzi, kaa la moto halina pumzi hiyo. Msomaji asiyelijua shairi tangu awali hupotea hapo hapo. Kinachomwokoa ni mizani: mshororo wa shairi una mizani 16, nane kila upande, kwa hiyo silabi iliyodondoka hujitangaza yenyewe, na kina kilichopinda vilevile.

Lakini mizani haimwambii mtu shairi lilitungwa kwa ajili gani. Muyaka alikuwa karibu na Wamazrui, watawala wa Mombasa, akatunga kuhusu ugomvi wao na Lamu na Sayyid Said, mtawala wa Oman, kwa mafumbo ambayo mjini yalieleweka na nje yakawa giza. Taylor alikuwa hodari wa sarufi, mwenye sikio la kunasa matamshi, na nina hakika bila bidii yake karatasi hizi zisingehifadhiwa. Ila mafumbo hayafumbuliwi kwa sarufi. Yalihitaji mtu aliyelelewa katika mji ule, anayejua nani alimjibu nani na kwa nini. Hapo ndipo uzito wa Sikujua ulipo, na kwangu mimi ndiyo sehemu kubwa ya kazi yote.

Sikujua alifariki 1890, Taylor 1927. Diwani ilichapishwa Johannesburg 1940, W. Hichens akiwa mhariri, kwa herufi za Kilatini. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya Muyaka, chenye tafsiri na maelezo ya historia, nacho kimewasaidia wanafunzi wengi.

Hata hivyo, vijana wengi hulijua jina la Muyaka, wachache la Hichens, na la Sikujua hawajapata kulisikia. Wachapishaji wanaofikiria kuitoa diwani upya nawaomba jambo moja: jina la Mwalimu Sikujua bin Abdallah liandikwe kwenye jalada, chini ya la Muyaka.