Simu Ndogo, Jasho Jingi: The Samaritan Yatua Nyeri

Jamani, kama basi la shule yenu halijafika Nyeri, mwambieni dereva akanyage mafuta! Nimetoka kuitazama The Samaritan ya John Lara jukwaani kwa mara ya kwanza, ikiigizwa na kikundi kimojawapo cha vile vinavyozunguka Karatina, Embu hadi Meru na vitabu teule, na viganja bado vinaniwasha kwa makofi.

Kisa chenyewe ni hiki: katika manispaa ya Maracas, wanafunzi Alvita na Montano, wakiongozwa na mwalimu wao Nicole, wanabuni programu ya simu ya kuripotia maovu bila kujitaja. Meya Mossi na wenzake hawapati tena usingizi.

Sasa programu ya simu utaionyeshaje jukwaani? Aliyekaa kiti cha nyuma haoni hata mwanga wa kioo chake. Lara hahangaiki na hilo kabisa. Hatufundishi jinsi programu inavyoundwa; anatuonyesha inavyowafanya wakubwa. Sayansi unaisoma usoni mwao! Diwani alipogutuka kwa mlio wa simu, ukumbi mzima wa sare za shule ulilipuka. Sijawahi kusikia mradi wa sayansi ukishangiliwa namna ile.

Henrik Ibsen aliijua mbinu hii tangu 1882, mwaka uleule Robert Koch alipotangaza bakteria wa kifua kikuu. Katika An Enemy of the People, Daktari Stockmann anayashuku maji ya bafu za tiba zinazouletea mji pesa, anapeleka sampuli chuo kikuu, na majibu yanarudi kwa barua: maji yamejaa vijidudu. Darubini hatuioni. Tunaiona barua, na tunamwona kaka yake, ambaye ndiye meya, akipiga hesabu ya gharama za kuhamisha mabomba. (Mameya na sayansi, sijui walikosania wapi.) Ila Stockmann anaachwa karibu peke yake, ilhali silaha ya Lara imo mfukoni mwa kila mwenye simu. Hapo ndipo mchezo huu unaponoga!

Dosari? Ipo. Waigizaji walipokatiza mchezo kutuchambulia maudhui ya mtihani, moto ulipoa. Tuachieni tuchambue wenyewe.

Nanyi waandishi wa Nyeri, mnangoja nini? Wangari Maathai, binti wa kijiji cha Ihithe papa hapa Nyeri, alipata shahada ya uzamifu ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, katika anatomia ya mifugo. Akiwa mtafiti alikwenda mashambani kukusanya kupe kwa ajili ya uchunguzi wa ndigana kali, akaona ng'ombe wamekonda na mito imegeuka tope. Onyesho la kwanza hilo, limeshakamilika! Mwanasayansi, kupe, ng'ombe na mto. Liandikeni, nami nitakata tiketi ya mstari wa mbele.