Namba 16 Iliyotapakaa

Tarehe 25 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya alitangaza kwamba kodi ya ongezeko la thamani, VAT, itashuka kutoka asilimia 16 hadi 14, kuanzia tarehe 1 Aprili. Mwenye duka au nyumba ya wageni alikuwa na wiki moja tu kurekebisha programu yake ya ankara. Kwenye karatasi hilo ni badiliko la tarakimu moja. Ndani ya tovuti nyingi ilikuwa kazi ya kusaka faili kwa faili.

Chukua mfano wa tovuti ya nyumba ya wageni karibu na Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, iliyoandikwa kwa PHP. Ina ukurasa wa kuweka nafasi, wa ankara, wa risiti, wa mkahawa wa chini na wa ripoti ya mwezi. Fundi aliandika wa kwanza, akaukopi na kuupesti kupata wa pili, akabadilisha kichwa na rangi ya kitufe, akaendelea hivyo hadi mwisho. Kwa siku ya kukabidhi kazi hakuna ubaya unaoonekana: kila ukurasa unafunguka na kila hesabu iko sawa.

Taabu ni kwamba nakala hazibaki kuwa nakala. Kwenye ankara, kodi inapatikana kwa kuzidisha bei mara 0.16. Kwenye risiti fundi alitaka jumla moja kwa moja, akazidisha mara 1.16. Ripoti inaanza na fedha ambazo zimeshapokelewa, kwa hiyo inagawanya kwa 1.16, na mkahawani, ambako bei za menyu zina kodi ndani tayari, ameandika 16 gawanya kwa 116. Kiwango ni kimoja, sura ni nne. Ukiiambia kompyuta itafute 0.16 itakuletea sura moja, nawe utaamini umemaliza.

Tazama matokeo yake. Chumba ni shilingi 5,000 kabla ya kodi. Ankara na risiti zimerekebishwa, mgeni analipa 5,700, na kodi halali ni 700. Ripoti haikuguswa. Inagawanya 5,700 kwa 1.16 na kumwambia mwenye nyumba kwamba mauzo ni 4,913.79 na kodi ni 786.21. Akiifuata, anatoa shilingi 86 na senti kadhaa mfukoni mwake kwa kila usiku. Hakuna ujumbe wa kosa wala ukurasa uliokataa kufunguka. Na mwaka ule kosa la namna hii lilikuwa na nafasi nzuri ya kujificha, maana wageni walikuwa adimu, na mwezi wa Mei serikali iliufunga Mji wa Kale wenyewe, watu wasiingie wala wasitoke.

Aliye na haraka zaidi hubadilisha kila 16 iwe 14 kwa mpigo mmoja. Huyo ataamka akute chumba namba 16 kimetoweka na vyumba namba 14 viko viwili.

Dawa inayotolewa kwa kawaida ni kuweka kiwango mahali pamoja, tuseme kwenye faili ya mipangilio, na kurasa zote zikisome hapo. Ni hatua nzuri, lakini haifiki. Tarehe 1 Januari 2021 VAT ilirudi asilimia 16. Mgeni aliyelala Desemba akaomba risiti yake ichapishwe upya Januari, anastahili ile ya asilimia 14. Kinachotakiwa ni jedwali dogo kwenye hifadhidata: kiwango, na tarehe kilipoanza. Kisha sehemu moja ya msimbo inayopokea kiasi na tarehe ya mauzo, ikarudisha kodi. Kurasa zote ziulize hapo, na pasiwe na ukurasa unaojua kodi ni ngapi.

Andrew Hunt na David Thomas, katika kitabu chao cha mwaka 1999, The Pragmatic Programmer, waliweka kanuni ya kutojirudia. Wengi wameichukua kama katazo la kuandika mistari inayofanana. Wao walizungumzia maarifa: kila jambo ambalo programu inalijua liwe na makao mamoja. Ndiyo maana 0.16 na 16 gawanya kwa 116 ni marudio ingawa hazifanani hata kidogo. Na kinyume chake kipo. VAT ya mafuta ya petroli ilikuwa asilimia 8 tangu Septemba 2018, ikapandishwa hadi 16 Julai 2023. Hapo ikalingana na ile ya kawaida, lakini ni uamuzi mwingine, na unaweza kubadilishwa peke yake. Anayeziunganisha kwa sababu tarakimu ni ileile anajitafutia kazi ya kuzitenganisha baadaye, na kwa maoni yangu kutenganisha ndiko kugumu zaidi.

Namba za simu zilileta kisa hichohicho. Mwaka 2019 zilianza kutolewa namba za 01, ilhali fomu nyingi zilikuwa zinadai 07. Hapa ukaguzi hufanywa mara mbili kwa haki, kwenye kivinjari ili mteja ajulishwe upesi, na kwenye seva kwa sababu ule wa kivinjari unaweza kukwepwa. Aliyerekebisha wa kwanza pekee alimpitisha mteja mlangoni akamkatalia ndani.

Kwa aliyerithi tovuti kama hii, sishauri kuiandika upya yote. Aanze na majaribio: chumba cha 5,000 kilichouzwa 31 Machi 2020, 1 Aprili, 31 Desemba na 1 Januari, na majibu yake, yaani 800, 700, 700 na 800. Kisha ahamishe ukurasa mmoja mmoja, akirudia majaribio kila mara, na aanze na ripoti, maana ankara ina mgeni wa kuilalamikia.