Utando, Kiwambo au Ukuta? Neno Moja la Biolojia

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, wako waliodhani kwamba kazi ya kuviita vitu vya sayansi imekwisha. Haijakwisha. Tabaka jembamba liizungukalo seli bado huitwa kwa majina matatu: ukuta, kiwambo na utando. Yafaa tuulize ni lipi lisemalo kweli.

Ukuta tuuondoe mapema. Seli ya kitunguu ina ukuta wa selulosi, na ndani ya ukuta huo mna utando. Seli ya mnyama ina utando tu. Avichanganyaye viwili hivi hajaeleza mmea wala mnyama.

Kiwambo kina hoja zaidi. Neno hili latokana na kuwamba, yaani kuivuta ngozi juu ya mzinga wa ngoma hata ikazike. Kwa kiwambo cha sikio halina kasoro. Lakini Gorter na Grendel walikwisha kutambua mwaka 1925 kwamba tabaka la seli ni safu mbili za mafuta, na mwaka 1972 Singer na Nicolson wakaeleza jinsi lilivyo jepesi kutembea: vichwa vya molekuli vipendavyo maji huelekea nje na ndani ya seli, mikia ikwepayo maji hufichana katikati, na protini huelea humo, nyingine zikipenya pande zote mbili. Unene wote ni nanomita 7 hadi 8 hivi. Kitu cha namna hiyo hakiwambwi, hutanda.

Na hapo ndipo utando unaposhinda. Huko Tongaren, kati ya Kitale na Bungoma, ambako wakulima wa Kiafrika waligawiwa mashamba katika miaka ya 1960, mahindi na maziwa ndiyo riziki. Mtoto wa huko huujua utando kabla hajaingia darasani: ule ujitandao juu ya maziwa yaliyochemshwa yakapoa, nao pia ni wa mafuta na protini. (Asiuchanganye na utandu, ambao ni ukoko wa chini ya chungu.) Afikapo sekondari hufundishwa sayansi kwa Kiingereza, akakariri jina lisilomwonyesha kitu, ilhali kitu chenyewe alikwisha kukiondoa kikombeni kwa kijiko. Mfano huu una mpaka wake, kwani utando wa maziwa ukichanika haujiungi. Ule wa seli, kwa kuwa mafuta yake ni miminika, huweza kuziba tundu dogo.

Wako pia wasemao kwamba utando wa seli hupenyeza nusu, wakiifuata lugha ya kigeni neno kwa neno. Nusu ya nini? Oksijeni hupita bila kizuizi. Sodiamu hungoja mlango wa protini. Huo ni uteuzi. Sisi tungesema utando teuzi, na kiwambo tukakiacha sikioni na ngomani.