Damu ya Kikwit, Dawa ya Beni

Ebola ilipouvamia mji wa Kikwit, Kongo, mwaka 1995, mtaalamu wa virusi Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwaongezea wagonjwa wanane damu ya watu waliokwisha kupona. Saba wakanusurika. Wataalamu wa nje walitia shaka: hapakuwa na kundi la kulinganisha, huenda hao saba wangepona vyovyote vile. Shaka hiyo ilikuwa ya haki, ila Muyembe hakuiacha hoja yake ife.

Miaka 11 baada ya mlipuko ule, damu ya manusura mmoja wa Kikwit ilikuwa bado na kingamwili kali dhidi ya Ebola. Watafiti wa Marekani na Uswisi, wakishirikiana na Muyembe, walizitenga seli zinazozitengeneza, wakazijaribu moja moja hadi wakaipata kingamwili waliyoitaka. Jeni zake zikapandikizwa kwenye seli za hamsta zinazokuzwa maabara, nazo zikaizalisha kwa wingi. Ikaitwa mAb114.

Utamu wa kazi uko hapa. Kirusi cha Ebola hakivunji mlango. Humezwa na seli yenyewe. Kikiwa ndani ya kifuko, vimeng'enya hukikata kofia ya protini yake ya juu, na hapo ndipo hufunuka sehemu ya kujishikiza kwenye kipokezi cha seli kiitwacho NPC1. Kingamwili zilizong'ang'ania kofia huanguka nayo. mAb114 imeshika chini ya kofia, kwa hiyo hubaki, na kirusi hukwama kifukoni, mgeni asiye na pa kukaa.

Novemba 2018, Ebola ikiwa imezuka tena, majaribio ya dawa yakaanza Kongo mashariki: Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Wagonjwa 681 walipangiwa kwa kura mojawapo ya dawa nne. Agosti 2019 yakasitishwa mapema, maana tofauti ilishaonekana. Waliopewa ZMapp, kingamwili za kizazi cha awali, walikufa asilimia 49.7, wa mAb114 asilimia 35.1, wa REGN-EB3, mchanganyiko wa kingamwili tatu, 33.5. Remdesivir, isiyo kingamwili, ilifika 53.1. Tena mAb114 ni dripu moja tu, ZMapp ni tatu kwa siku kadhaa. Kwa muuguzi anayetokwa jasho ndani ya vazi la plastiki, hilo si jambo dogo.

Wastani huo lakini mimi siuamini sana. Kwa wagonjwa wenye virusi vichache damuni, mAb114 ilipoteza mmoja kati ya kumi hivi. Kwa wenye virusi vingi, karibu saba. Kingamwili huzuia kirusi kisiingie kwenye seli nzima. Ini lililokwisha haribika hailifufui. Ukiwajumlisha wagonjwa wa dawa zote nne, waliofika ndani ya siku moja tangu dalili kuanza walikufa asilimia 19, na waliokaa siku tano nyumbani, asilimia 47.

Na kukaa nyumbani kulikuwa na sababu zake. Februari 2019, majaribio yakiwa yanaendelea, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kutiwa moto.