Dereva na Korongo

Ukitoka Mto wa Mbu kwenda Engaruka na Ziwa Natron, ukuta wa Bonde la Ufa unakuandama mkono wa kushoto, na makorongo yanayoshuka kutoka huko yanaikata njia. Miezi mingi ni mchanga mtupu. Mvua ikinyesha kwenye nyanda za juu za Ngorongoro, maji yanakukuta huku chini jua likiwaka.

Dereva mzoefu akikuta korongo limejaa huzima injini. Wageni hudhani gari limeharibika. Yeye hushuka, akachomeka kijiti pale maji yanapoishia, akakaa. Maji yakikipita kijiti, korongo bado linapanda, na hapo hakuna mjadala: atangoja hata nusu siku. Mafuriko ya namna hii huja ghafla na kupungua upesi. Kwangu mimi, ustadi wote uko kwenye kungoja huku. Mgeni akilalamika kuhusu ratiba, alalamike.

Maji yakishaanza kurudi nyuma, anaanza kuyasoma. Yakitulia, hapo chini pana kina. Yakichezacheza juu ya kokoto, ni machache. Kwa hiyo anapita palipopanuka, ingawa mgeni angechagua palipobana. Huvua viatu akaingia na fimbo, akipima kila mahali tairi litakapokanyaga. (Rufiji, kwenye mamba, asingethubutu.) Yakimshinda miguu, gari haliingii: sentimita 60 za maji ya kasi hubeba magari mengi, hata haya mazito.

Kisha foo-wili, gia nzito, namba mbili, akikata mshazari kufuata maji yaendako. Mwendo ni wa mtu anayetembea. Mbele ya bampa hujengeka wimbi, na nyuma yake, penye injini, maji hushuka kidogo. Akikanyaga mafuta, wimbi litapanda boneti; akilegea, litamrudia. Klachi haiguswi. Anachohofia ni maji kuvutwa ndani ya silinda, maana hayashindiliki kama hewa: pistoni hugota, konrodi ikapinda.

Ng'ambo, hukanyaga breki kidogo kidogo zikauke. Jioni kambini analala chini ya gari kukagua difu, kwani difu ya moto ikipoa ghafla majini huvuta maji kupitia sili. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, ataimwaga yote usiku huohuo.