Mtu Anapogeuka Simba: Mchezo wa Mezani na Ngano Zetu

Mtahiniwa akiulizwa umuhimu wa zimwi linalojigeuza kijana mtanashati, mara nyingi hujibu kwamba linaifurahisha hadhira, akaishia hapo. Jibu hilo halitoshi. Katika makala haya, mpenzi msomaji, tutawatazama wahusika wa aina hii katika utanzu wa kigeni, ili tuone wazi zaidi kazi yao katika ngano zetu.

Utanzu wenyewe ni mchezo wa mezani ambapo kila mchezaji huigiza mhusika wake. Dungeons & Dragons, uliochapishwa Marekani mwaka 1974, ulikuwa na watu wanaogeuka chui milia tangu mwanzo. Mwaka 1992 kampuni ya White Wolf ilitoa Werewolf: The Apocalypse, na mwaka 1997 ukapata kitabu cha nyongeza kiitwacho Bastet, jina la mungu wa kike wa Misri ya kale aliyechorwa na kichwa cha paka. Humo mchezaji huwa mtu anayegeuka simba, chui, duma au mnyama mwingine wa jamii ya paka. Mwendeshaji wa mchezo huitwa msimulizi, naye anakaribia kuwa fanani. Hata hivyo, hadhira yake haisikilizi tu. Huamua matendo ya wahusika na kurusha dadu.

Tuanze na majina. Ukoo wa simba unaitwa Simba, na hapo hatuna ugomvi. Ukoo wa duma, kwa upande mwingine, unaitwa Swara. Mwanafunzi yeyote wa Kenya anajua kuwa swara hula nyasi na duma humla swara. Mwindaji amepewa jina la windo lake! Mchezaji asiyejua Kiswahili hawezi kukiona kinaya hiki. Tunajifunza kwamba majazi hufaulu pale tu jina na tabia ya mhusika vinapokutana.

Pili, tutazame siri. Katika Bastet, kila ukoo una siri zake, na adui akizijua anapata uwezo juu yao. Mchezaji basi huzilinda. Katika ngano zetu mambo ni kinyume. Msichana aliyewakataa wachumba wote humkubali mgeni mzuri, kumbe mgeni ana mdomo wa pili kisogoni, uliofichwa na nywele. Hadhira hungoja kwa hamu siri hiyo ifichuke. Ikifichuka, maonyo hukamilika: uzuri wa sura si uzuri wa tabia, na anayepuuza ushauri hujiponza.

Tatu ni mtazamo, na hapa ndipo penye tofauti kubwa zaidi. Mchezo humweka mchezaji ndani ya ngozi ya mnyama. Hata hasira ya mhusika huandikwa kwa nambari kwenye karatasi, nayo yaweza kumshinda. Mgogoro wa nafsi unajitokeza vizuri, na hiyo ni sifa tusiyopaswa kuinyima kazi hii. Ngano haituingizi moyoni mwa zimwi. Hutuweka upande wa anayeweza kuliwa, kwa sababu inakusudia kumlinda.

Mwalimu, utawapata wanafunzi waliozoea michezo na filamu ambao humwona zimwi kama shujaa mwenye nguvu za ajabu. Usiwakemee. Waulize: Nani anaijua siri? Inafichuliwa vipi? Nani anaonywa? Mtahiniwa anayejibu maswali haya matatu ameshavuka kiwango cha kutaja sifa na kuingia katika uhakiki.

Zoezi
1. Simulia upya ngano moja ya mazimwi kwa kutumia nafsi ya kwanza, zimwi likiwa ndilo msimulizi.
2. Eleza maonyo yaliyopotea katika usimulizi huo na sababu za kupotea kwake.